Kiti cha Shahidi: Maisha ya Ozias Leander Fontenot, 1906–1969

Ozias Leander Fontenot hakuwa mtu wa kusubiri, kwa hiyo naye tusimsubirishe. Alizaliwa Jumamosi, tarehe 3 Machi 1906, mjini Opelousas, Louisiana, katika nyumba ya mbao nyuma ya kinu cha mpunga. Alikuwa kifungua mimba wa Théogène Fontenot, mpakiaji wa magunia, na mkewe Clothilde, aliyefua na kupiga pasi nguo za nusu ya mji ule. Miaka minane baadaye alizaliwa dada yake wa pekee, Odile, ambaye tunaye hapa leo. Bi Clothilde alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alitembea kabla hajajua pa kwenda, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumkalisha. Alikula amesimama, sahani mkononi, mguu mmoja umeshatangulia mlangoni.

"Keti ule, Ozi," mama yake alimwambia. "Chakula hakikimbii."

"Najua, mama. Mimi ndiye ninayekimbia."

Elimu yake ya kwanza aliipata kwa masista waliofundisha watoto weusi katika chumba kimoja kando ya kanisa. Sista mmoja, baada ya kuchoka kumwona akizurura kati ya madawati, alimpa kazi ya kuwasomea wenzake kwa sauti, maana msomaji anaruhusiwa kusimama. Hivyo ndivyo sauti yake ilivyogunduliwa, ile sauti nzito isiyo na haraka, ambayo ilikuwa kitu pekee ndani ya mwili wake kilichotulia. Jumamosi alikwenda sinema. Ngazi za ndani zilikuwa za Wazungu. Yeye na wenzake walipanda ngazi za nje, mvua ikinyesha au jua likiwaka, wakatazamia juu kwenye roshani. Huko, akiwa ameegemea nguzo huku wengine wamekaa, aliamua atakuwa nani.

Mwaka 1921 baba yake alifariki kwa homa ya mapafu. Ozias alimaliza darasa la saba, akachukua nafasi ya baba kinuni, akabeba magunia kwa miaka miwili. Septemba 1923 alipanda treni kwenda Los Angeles, alikokuwa na mjomba. Bi Clothilde alimsindikiza hadi stesheni.

"Nitakuona tena lini?" alimuuliza.

"Utaniona hata kabla sijarudi. Panda zile ngazi za nje, kaa roshani, taa zikizimwa tu, nitakuwa pale kwenye kitambaa cha sinema."

Bi Clothilde alimfunga kifungo cha koti kilichokuwa kimelegea. "Haya. Nitakuja kutazama. Ila usinipandishe ngazi bure, mwanangu. Magoti yangu unayajua."

Mtu akitaka kumwelewa marehemu, ayashike maneno hayo. Yote aliyoyafanya baadaye yalikuwa jibu kwa mwanamke mwenye magoti mabovu.

Los Angeles aliosha magari mchana na kusoma jioni, mpaka akamaliza sekondari Juni 1927. Wakati huo, kila palipotengenezwa picha ya porini, lori la kampuni ya filamu lilisimama alfajiri kwenye kona ya Central Avenue, mtaa wa watu weusi, na kuchukua wanaume weusi kama mzigo wa matofali. Walipakwa mafuta, wakavalishwa manyoya ya kuku na kukabidhiwa mikuki ya mbao. Hapo ndipo Ozias alipokutana na Lemuel Yancey, rafiki yake wa miaka arobaini, ambaye ni mmoja wa waliobeba jeneza asubuhi hii. Mwaka 1931, filamu zilipokuwa zimekwisha kupata sauti, mwongozaji mmoja aliwaamuru mashujaa wake wa Central Avenue waseme Kiafrika. Walitazamana. Hakuna aliyewahi kuvuka hata mpaka wa Meksiko.

Ozias alipiga hatua mbele, akamwelekezea mkuki mgunduzi wa Kizungu na kunguruma kwa kile Kifaransa cha Louisiana cha mama yake: "Kaanga unga mpaka uwe rangi ya kahawia! Tia vitunguu! Tia bamia! Tia kaa!"

Lemuel akatikisa ngao. "Na pilipili?"

"Pilipili mwisho, we mjinga!"

Mgunduzi alitetemeka vizuri sana. Mwongozaji akasema hajawahi kusikia laana ya kutisha kiasi kile. Familia imecheka kisa hiki miaka mingi, na marehemu alipenda kichekwe. Lakini alipokisimulia alimalizia kila mara kwa sentensi ileile: mama yake alipanda ngazi kwenda kuitazama picha hiyo, na katika wanaume mia waliovaa manyoya hakumwona mwanawe, wala katika ngoma zile hakusikia mapishi yake mwenyewe.

Mwaka 1933 kampuni ya filamu ya Halloran ilimpa mkataba. Alikuwa mrefu, alivaa vizuri, na alijua kubeba sinia lenye glasi kumi na mbili bila moja kugongana na nyingine. Wakamvalisha glavu nyeupe. Kuanzia hapo aliigiza mtumishi wa nyumba za matajiri, picha baada ya picha. Aliitwa George, au Sam, au hakuitwa kitu. Na sikilizeni jambo hili, maana magazeti yaliyoandika kifo chake wiki hii hayakulisema: katika picha hizo zote Ozias Fontenot hakuketi. Alisimama nyuma ya viti. Wengine walikula, walipendana, walifilisika na kuuana, naye kasimama nyuma yao na chupa.

Hata hivyo alikuwa na maneno ya kusema, mara nyingine maneno mazuri. Central Avenue ilipiga makofi kila alipofungua mlango. Alimpelekea mama yake taarifa, naye Bi Clothilde akapanda ngazi. Akashuka. Akapanda tena mwaka uliofuata. Akashuka.

"Sikukuona, mwanangu," alimwambia kwa simu ya mtengeneza majeneza wa mtaani, simu pekee waliyoruhusiwa kuitumia. "Labda nilipiga chafya."

Mtaani walianza maneno. Alphonse Guidry, kinyozi, mtu wa mdomo, alimwita dirishani kila alipopita na kapu la nguo. "Bi Clothilde! Jana tumetazama tena. Yule mwigizaji wako alikuwa wapi? Au ndiye aliyeshika taa?"

"Cheka, Alphonse. Meno unayo bado."

"Hapana, nimeshajua. Mwanao ndiye kitambaa chenyewe."

Ozias hakuelewa. Alikuwamo katika picha zile, alijiona kwa macho yake. Mwaka 1934 alikwenda chumba cha kukatia filamu kumuuliza Hedda Lindqvist, Mswidi aliyekuwa mkataji mkuu wa Halloran, mama mkali aliyetembea na mkasi shingoni kama rozari. Hedda alifunga mlango, akamweleza desturi ya kazi, desturi iliyojulikana na kila mtu ndani ya kampuni isipokuwa waliokatwa. Wenye kumbi za sinema za Kusini hawakutaka kumwona mtu mweusi akisema jambo la maana mbele ya Wazungu. Kwa hiyo onyesho lake liliandikwa kwa makusudi liweze kutolewa. Mlango unafunguliwa, mtumishi anaingia, anasema, anatoka, mlango unafungwa. Nakala za Kaskazini zilibaki nzima. Za Kusini zilikatwa mlango hadi mlango, hadithi ikaendelea kana kwamba hakuna aliyeingia.

"Wewe ni rahisi, Ozias," Hedda alisema. "Nikikukata ni kama kukata kucha. Hata damu haitoki."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi. Ozias alitoka mle ndani akatembea kwa miguu hadi nyumbani, mji mzima, na njiani akafanya uamuzi ambao uliikosesha familia yake usingizi kwa miaka saba: atapata onyesho moja lisilokatika. Moja tu. Litakalotoka damu.

Tarehe 15 Juni 1935 alifunga ndoa na Verdell Mae Gaines, mwalimu wa piano. Kwenye picha ya harusi desturi ilikuwa bwana harusi akae na bibi harusi asimame pembeni, mkono begani. Wenye macho wataona katika picha iliyo ukurasa wa pili wa programu hii kwamba mambo ni kinyume. Mpiga picha alibembeleza. Bi Verdell ndiye aliyemaliza mjadala. "Nipe hicho kiti," alisema. "Viatu vinanibana na huyu hatakaa leo wala kesho." Walibarikiwa watoto wawili, Clothilde Marie mwaka 1936 na Theo mwaka 1938. Katika nyumba yao ya Mtaa wa 42 Mashariki, marehemu alijifunza maneno yake akizunguka meza, na goti lake lilitikisika hata alipokuwa ameegemea ukuta. Bi Verdell alimwambia mara nyingi, "Kaa chini, Ozias. Hapa hakuna bwana." Alijibu kwamba anafikiri. Alifikiri juu ya milango.

Alijaribu mara nyingi. Mara alimwomba mwandishi ampe siri ya familia aitoboe. Ikaandikwa, ikafungwa kati ya milango miwili. Mara alijifanya amesahau kutoka chumbani, akabaki amesimama ndani ya picha hadi mwongozaji alipofoka. Wenzake walimsema. Lemuel mwenyewe alimwambia, "Kaka, unalipwa usimame, simama. Unataka nini kingine?"

"Nataka mama anione."

"Mtumie picha."

"Sitaki aone picha. Nataka Opelousas wamwone akiniona."

Nafasi ilikuja Oktoba 1941, katika filamu iliyoitwa Karamu ya Hakimu Tolliver. Hadithi yenyewe ni nyepesi: tajiri anakufa kwa sumu mezani, na hakimu anawakalisha wageni walewale kwenye meza ileile mpaka muuaji ajulikane. Aliyepaswa kumtaja muuaji alikuwa bibi jirani aliyechungulia dirishani. Siku ya kupiga onyesho hilo, mwigizaji wa bibi huyo alivimba mashavu kwa matumbwitumbwi. Zilibaki siku mbili seti, kile chumba cha kuigizia, ivunjwe. Mwongozaji, Everett Strand, alikuwa akizunguka meza akitukana matumbwitumbwi, na nyuma ya kiti cha mwisho alisimama Ozias na sinia.

"Bwana Strand, niulize swali?"

"Uliza haraka."

"Sumu ilitiwa kwenye glasi hapa mezani?"

"Umekuwepo wiki tatu, Ozias. Ndiyo, hapa mezani."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Strand alitazama meza, akatazama kamera. "Nyuma ya kiti," alisema.

"Nimefumba macho?"

Huko juu kwenye taa fundi mmoja alicheka, kisha mwingine, kisha seti nzima, maana ilikuwa kweli. Waandishi watatu, mwongozaji na nyota wao walikuwa wametengeneza mauaji mbele ya mtu mzima mwenye macho mawili, na hakuna hata mmoja aliyemhesabu kuwa yupo. Ozias hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Sasa yule bibi wa dirishani wa kazi gani?" aliuliza.

Strand alikuwa mtu wa haraka, si mtu mbaya. Alimwita mwandishi, maneno ya bibi yakawa ya mtumishi. Ozias akaongeza sharti la kwanza: hataingia wala kutoka. Yumo chumbani tangu mwanzo, mlango usiguswe, kamera isikatwe, hakimu aulize naye ajibu katika picha moja. Strand akakubali, maana hivyo ingekwisha upesi. Ndipo likaja sharti la pili.

"Shahidi huketi, bwana."

Hapo palichafuka. Mtu wa ofisini aliitwa, akasema mtumishi hawezi kuketi mezani pamoja na mabibi, hata kama amewaona wote wakiuana. Aliyeokoa jambo ni nyota mwenyewe, Alden Marsh, aliyeigiza hakimu, mzee wa jukwaa aliyechoka. "Mwacheni akae," alisema. "Sitamhoji mtu huku nimeinua kichwa kama kifaranga kinachokunywa maji. Shingo inaniuma." Kwa hiyo, kwa ajili ya shingo ya Alden Marsh, hakimu alisema kwenye filamu: "Nani aliyeona?" Na mtumishi akajibu, "Mimi." Hakimu akasema, "Keti, useme ulichokiona." Ozias Fontenot akaweka sinia chini, akavuta kiti, akaketi, akasema.

Wale waliomwona, na hapa wapo wachache wenye mvi, wanajua ilivyokuwa. Bi Verdell aliitazama katika ukumbi wa Central Avenue Januari 1942. Anasema watu hawakupiga makofi. Walisimama. Ozias kaketi kule kwenye kitambaa, na ukumbi mzima umesimama.

Hedda Lindqvist alimfuata Ozias akiwa na mkasi shingoni. "Umenifanya nini?" alimuuliza. "Nimetafuta pa kupitisha huu mkasi, sijapaona. Nikikutoa wewe, hakuna hadithi."

"Ndicho nilichokitaka."

"Watapitisha tu, Ozias. Hujawajua. Wanaupenda mkasi kuliko hadithi."

Hakumsikiliza. Alimpigia mama yake kwa mtengeneza majeneza. "Mama, safari hii usipepese macho. Hakimu atauliza, 'Nani aliyeona?' Hapo hapo, mama. Ni mimi."

Filamu ilifika Opelousas Aprili 1942. Bi Clothilde alikuwa na miaka hamsini na minne, na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alipanda ngazi za nje ameshika mkono wa Odile, nyuma yake wakapanda majirani, akiwemo Alphonse kinyozi, waliokuja kuona kama ataaibika tena. Yanayofuata tumeyapata kwa Bi Odile, aliyekuwa amekaa naye bega kwa bega.

Tajiri alikufa. Wageni wakakalishwa. Hakimu akainama, akauliza, "Nani aliyeona?" Kitambaa kikaruka kama mtu aliyepigwa kofi, na papo hapo muuaji akaonekana mlangoni, pingu mkononi, anaondolewa. Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyemtaja. Mkasi ulikuwa umepita, kama Hedda alivyosema. Kule chini Wazungu walianza kucheka, kisha wakakasirika, wakapiga miguu sakafuni. Mtu mmoja akapaza sauti, "Sasa kasema nani?"

Bi Clothilde akasimama.

Odile alimvuta sketi. "Mama, keti. Mama, watatuua."

"Leo na mimi sikai," alisema. Kisha akashika ukingo wa roshani, akajibu kule chini gizani, kwa sauti ambayo sasa tunajua mwanawe aliirithi kwa nani: "Ni mwanangu aliyesema. Anaitwa Ozias Fontenot. Mmemkata."

Meneja alipanda na tochi, akawamulika uso kwa uso. "Nani huyo aliyepiga kelele?"

Watu walitazama magoti yao. Ndipo Alphonse kinyozi, yule wa mdomo, alipovua kofia. "Bwana, sisi tuko juu mno, hatusikii vizuri. Nadhani ni kitambaa chenyewe kimesema."

Meneja aliwatoa wote nje. Waliteremka zile ngazi pamoja, na Alphonse alimshika Bi Clothilde mkono ngazi kwa ngazi. Tangu siku hiyo hadi alipofariki, Machi 1944, mtaani hawakumwita tena Clothilde dobi. Walimwita Mama wa Shahidi.

Kwenye mazishi hupendeza kusema kwamba mambo yaliishia vizuri. Marehemu hakusema hivyo, nasi hatutamsingizia. Wenye kumbi walilalamika, na Agosti 1942 mkataba wake na Halloran ulipokwisha, haukutajwa tena. Hawakumfukuza. Walimsahau kwa makusudi, na hilo ni jeuri zaidi. Alichomelea meli bandarini Wilmington hadi vita vilipokwisha. Alirudi kwenye filamu kwa kazi ndogondogo, lakini sasa hasira yake ilikuwa imepata njia. Katika chama cha waigizaji alidai mtumishi apewe jina katika hadithi na mwigizaji wake aandikwe mwishoni. Alipambana miaka sita, akaitwa msumbufu na Wazungu, mchokozi na weusi, akashinda nusu. Gereji yake aliigeuza shule ya uigizaji. Wengi mlioko hapa mlipita humo, na mnakumbuka somo la kwanza: jua mlango uko wapi, usiukaribie.

Halloran ilifungwa mwaka 1957, vitu vyake vikapigwa mnada. Lemuel Yancey alitokea Mtaa wa 42 Mashariki na kiti begani, kiti kilekile. "Nimekununulia fanicha," alisema. "Usiponikaribisha nikikalie, nitakikalia bila kukaribishwa." Hakuna aliyewahi kukikalia, hata Lemuel. Kilikaa sebuleni miaka kumi na miwili, marehemu akikizunguka. Filamu yenyewe iliuzwa kwa televisheni, na waliyoiuza ni ile iliyokatwa. Kama iko nzima mahali popote duniani, hatujui. Tumeitafuta, na tutaendelea kuitafuta.

Mwaka jana vijana wa chuo walimwalika azungumze. Mmoja, nywele zake zimesimama kwa fahari, alimuuliza bila salamu, "Mzee, miaka yote ile ya 'ndiyo bwana', hukuona haya?"

"Niliona haya kila siku ya kazi," alijibu. "Swali lako ni zuri, kijana, lakini umeliuliza ukiwa umeketi. Unajua ulivyokipata hicho kiti?"

Kijana akakitazama kiti chake.

"Basi kikalie vizuri. Sikulaumu. Mimi nilisimama nyuma ya viti vya watu mpaka nikajua walivyoua. Wewe uko mezani. Nataka kujua utasema nini."

Februari mwaka huu alipatwa na kiharusi kilichochukua miguu yake. Kwa mtu mwingine kingekuwa ugonjwa. Kwake kilikuwa tusi. Hospitali ilimpa kiti cha magurudumu. Bi Verdell alimwambia, "Umeombwa ukae miaka sitini, ukakataa. Sasa umeamriwa." Aliamuru naye: kiti hicho kisisimame. Lemuel na wapwa wa marehemu walikisukuma kwa zamu, Central Avenue kwenda na kurudi, na aliyepumzika alisikia habari yake. Hata usingizini mkono wake uligonga ukingo wa kitanda, kama mtu anayeita lifti iliyochelewa.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 1969, alimwomba Theo amtoe kwenye kile cha magurudumu na kumweka kwenye kile cha sebuleni. Theo aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa. Alimweka, akamfunika blanketi, akaenda kazini. Bi Verdell alikuwa jikoni akikaanga unga kwa ajili ya gumbo, ule mchuzi wa bamia na kaa. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa amesikia goti la mumewe likigonga kitu fulani ndani ya nyumba ile, meza, ukuta, mlango. Anasema unga ulikuwa umefika rangi ya kahawia alipogundua kwamba hasikii chochote. Alizima moto kabla ya kwenda kutazama. Alijua. Alimkuta amekaa wima, mikono juu ya mapaja, anaelekea dirishani.

Padre, kwa upole, alituomba jana tuukate wasifu huu, kwa sababu kuna mazishi mengine saa sita. Bi Verdell alimpa jibu ambalo familia inaomba liandikwe: "Padre, mtu huyu amekatwa vya kutosha. Someni yote."

Marehemu ameacha mjane, Bi Verdell Mae Fontenot; binti, Clothilde Marie Batiste, na mumewe Raymond; mwana, Theo Fontenot, na mkewe Jewel; wajukuu watano; dada, Odile Fontenot Sims, na wapwa wanne; rafiki, Lemuel Yancey; na wanafunzi wa gereji, ambao hatukuweza kuwahesabu kwa sababu hawaachi kuingia.

Kiti chake kiko hapa mbele, kando ya jeneza. Tunaomba kisiondolewe, na msiogope kukiangalia.

Ozias Leander Fontenot, uliona. Ulisema. Uketi sasa kwa amani, mlango haupo.